Kiungulia Kilichokataa Dawa

Mwaka 1936, katika hospitali ya Cerrahpaşa mjini Istanbul, kijana wa miaka 28 aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa na kidonda mwishoni mwa umio, pale mrija wa chakula unapofikia tumbo. Aliyeshika kisu alikuwa Rudolf Nissen, daktari Mjerumani wa asili ya Kiyahudi. Miaka michache tu nyuma alikuwa mtu wa kuheshimika Berlin, msaidizi wa karibu wa bingwa wa upasuaji Ferdinand Sauerbruch, na mwaka 1931 alikuwa amemwondolea mgonjwa pafu zima na mgonjwa akaishi. Wanazi waliposhika dola mwaka 1933, aliondoka. Uturuki ya Atatürk wakati huo ilikuwa ikikisuka upya chuo kikuu chake na ikawapokea maprofesa waliofukuzwa kwao. Nissen akapata kazi.

Kijana yule alikatwa kipande cha chini cha umio pamoja na mdomo wa tumbo, kisha ncha iliyobaki ikashonewa kwenye tumbo. Nissen aliogopa mshono usije ukavuja. Kwa tahadhari akaukunja ukuta wa tumbo na kuuzungushia mwisho wa umio, kama mtu anavyojizungushia skafu shingoni.

Mgonjwa aliyeondolewa mdomo wa tumbo kwa kawaida hutaabika kwa muda uliobaki wa maisha yake. Akilala chali, au akiinama kufunga viatu, vya tumboni hupanda hadi kooni na kumchoma. Huyu hakutaabika. Miaka mingi baadaye Nissen alipata habari zake kwamba yu mzima na kiungulia hakimsumbui. Mshono uliowekwa kuzuia uvujaji ulikuwa umezuia jambo jingine kabisa, na karibu miaka 20 ilipita kabla Nissen hajautumia kwa makusudi.

Kiungulia ni cha tangu na tangu. Watu walikituliza kwa chaki, kwa maziwa, kwa maji ya magadi, wakaendelea na shughuli zao, na ndiyo sababu matabibu hawakukihesabu kuwa ugonjwa wa kuchunguzwa. Ushahidi kwamba tumboni mna tindikali ya chumvi, ileile ya chupa za maabara, ulitolewa mwaka 1823 na William Prout, daktari wa London, mbele ya Royal Society. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Michigan, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumtoboa ubavu Alexis St. Martin, kijana wa Kanada aliyekuwa kibarua katika biashara ya manyoya. Alinusurika, lakini tundu lililoingia hadi tumboni halikuziba. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kwa miaka, akitumbukiza vipande vya nyama vilivyofungwa uzi na kuvichomoa aone vimesagika kiasi gani, hata akafikisha majaribio 238 aliyoyachapisha mwaka 1833. St. Martin hakujua kusoma, na mkataba aliowekewa mbele ulimfanya nusu mgonjwa, nusu mtumishi. Elimu ya tumbo iliyofuata ina deni kubwa kwake, na ni haki jina lake litajwe pamoja na la daktari kila hadithi hii inaposimuliwa.

Umio, hata hivyo, ulibaki gizani. Mwaka 1772 John Hunter alikuwa ameonyesha kwamba mtu akishakufa, maji ya tumbo huweza kuusaga ukuta wa tumbo lenyewe. Alikuwa sahihi, ila usahihi wake ulizaa kosa la muda mrefu: daktari aliyepasua maiti na kukuta umio umechubuka alijiambia kwamba uharibifu huo umetokea baada ya kifo, akaendelea na viungo vingine. Heinrich Quincke wa Ujerumani alipinga. Mwaka 1879 alieleza visa vitatu vya vidonda vya umio ambavyo, kwa maoni yake, vilitokana na maji ya tumbo yaliyopanda mgonjwa akiwa hai. Lakini angethibitishaje? Hakukuwa na njia nyepesi ya kuchungulia umio wa mtu aliye hai. Adolf Kussmaul aliyefanikiwa kupitisha bomba mwaka 1868 alilazimika kumtafuta mmeza panga wa maonyesho, mtu aliyejizoeza kunyoosha koo na kumeza chuma.

Chevalier Jackson wa Philadelphia ndiye aliyeifanya kazi ya mabomba kuwa ya kila siku. Alikuwa maarufu kwa kuwatoa watoto pini na sarafu walizomeza. Mwaka 1929 aliripoti kwamba katika watu 4,000 aliowachungulia, 88 walikuwa na vidonda vya umio au makovu yake. Kwa hiyo vidonda vilikuwepo, tena kwa watu waliokuwa wakitembea na kuzungumza.

Ilimbidi mtu mwingine aunganishe vidonda hivyo na kiungulia. Mwaka 1935 Asher Winkelstein wa hospitali ya Mount Sinai, New York, alichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani maelezo ya wagonjwa watano. Walikuwa na kiungulia, chakula kikikwama walipomeza, na sehemu ya chini ya umio imevimba na kuchubuka. Winkelstein aliandika kwa tahadhari ya mtu anayejua kwamba atapingwa: aliushuku umio wao kuwa umeunguzwa na tindikali pamoja na kimeng'enya cha pepsini, vyote vikitoka tumboni. Kwa mara ya kwanza kuvimba kwa umio kulipewa nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea, wenye sababu yake na dalili zake. Tiba aliyokuwa nayo ilikuwa ya kubembeleza tu: maziwa, dawa za kuzimua tindikali, chakula laini. Wengine walipata nafuu. Wengine hawakupata, na historia yote inayofuata inawahusu hao.

Hatua iliyofuata ilitoka Leeds, Uingereza. Philip Allison, daktari wa upasuaji wa kifua, mwaka 1946 aliutaja ugonjwa kwa chanzo chake, yaani kurudi nyuma kwa vya tumboni, na mwaka 1951 akatoa maelezo yaliyowavutia wapasuaji wote wa wakati wake. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kina tundu ambamo umio hupita. Tundu likilegea, sehemu ya juu ya tumbo huteleza na kuingia kifuani: ngiri isiyoonekana kwa nje. Allison aliamini kwamba ngiri hiyo ndiyo mzizi. Akaingia kwa kupitia kifuani, akalirudisha tumbo chini, akakaza tundu. Wagonjwa waliamka bila kiungulia, na upasuaji wake ukaenea haraka.

Wakati huohuo London, katika hospitali ya St Thomas', alikuwepo Norman Barrett, mzaliwa wa Adelaide, Australia. Alikuwa na ujasiri usio wa kawaida. Mwaka 1724 Herman Boerhaave wa Uholanzi alikuwa ameeleza kifo cha Amiri Jan van Wassenaer, aliyepasukiwa na umio kwa kutapika baada ya karamu. Kwa zaidi ya miaka 200 ajali hiyo ilikuwa hukumu ya kifo, hadi mwaka 1947 Barrett alipoushona umio uliopasuka na mgonjwa akapona. Neno la mtu kama huyo lilikuwa na uzito. Mwaka 1950 aliandika kuhusu wagonjwa ambao ndani ya kifua chao kulikuwa na mrija uliotandazwa utando mwekundu unaofanana na wa tumbo, badala ya ule mweupe wa umio. Alishikilia kwamba mrija huo si umio. Ni tumbo, alisema, lililovutwa juu na umio mfupi wa kuzaliwa.

Alikosea. Mwaka 1953 Allison na mwenzake Johnstone waliuchunguza mrija huo kwa makini. Haukuwa na ngozi nyembamba inayolifunika tumbo kwa nje. Misuli yake ilikuwa ya umio, na tezi zake zilikuwa za umio. Ulikuwa umio halisi uliobadilisha utando. Kisha Allison akafanya jambo la kiungwana: vidonda vinavyotokea katika utando huo akavipa jina la Barrett, yule yule aliyekuwa akimsahihisha. Mwaka 1957 Barrett alikubali hadharani. Aliendelea kudhani kwamba watu huzaliwa nao, na ilibidi kusubiri mwaka 1970, Bremner na wenzake walipowachubua mbwa utando wa umio na kuuacha upone penye tindikali inayopanda. Ulipona ukiwa mwingine. Mwili, baada ya kuchomwa kwa muda mrefu, ulikuwa umeweka utando unaostahimili zaidi, na utando huo ndio unaoweza, kwa wachache, kuzaa saratani.

Hapa inafaa kutahadharisha. Saratani ya umio inayowasumbua watu wa Bonde la Ufa la Kenya na maeneo mengi ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa si hii. Hiyo huanzia katika utando wa kawaida wa umio, na watafiti huihusisha na mambo mengine, vikiwemo vinywaji vya moto sana, tumbaku na pombe. Mtu wa huko mwenye shida ya kumeza asiambiwe kwamba ni kiungulia tu.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 vifaa vilianza kusema yale ambayo kisu kilishindwa kuyaona. Wachunguzi wa miili walikuwa wametafuta kwa muda mrefu mlango kati ya umio na tumbo, msuli mnene wa duara kama ule wa mwisho wa tumbo, wasiuone. Mwaka 1956 Charles Code na wenzake wa Mayo Clinic walishusha vipimo vya msukumo wa ndani na kukuta kwamba sentimita chache za mwisho za umio hukaa zimebana muda wote, na hulegea mtu anapomeza. Mlango ulikuwepo. Haukuonekana kwa macho kwa sababu ni kazi ya msuli zaidi kuliko umbo lake.

Mwaka uliofuata Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Ann Arbor, Michigan, alimeza kifaa kipya alichokitengeneza na wenzake: mrija unaopinda, wenye nyuzi laini za kioo zinazopitisha picha. Alijijaribia mwenyewe kwanza, ndipo akamwendea mgonjwa. Tangu hapo hapakuhitajika mmeza panga. Na mwaka 1958 Bernstein na Baker walitoa kipimo rahisi mno: mgonjwa anawekewa mrija mwembamba, maji ya chumvi yanadondoka katika umio wake, kisha bila yeye kujua yanabadilishwa na tindikali hafifu. Wenye umio uliovimba walilalamika tindikali ilipoanza kudondoka na wakatulia ilipozimwa. Lakini walikuwepo pia waliolalamika ilhali umio wao, ukichunguliwa, haukuwa na doa. Jambo hilo halikupewa uzito uliostahili. Lingerudi.

Nissen alikuwa ameshahama mara mbili zaidi. Kutoka Istanbul alikwenda Marekani mwaka 1939, na mwaka 1948 huko Brooklyn alimpasua Albert Einstein, aliyekuwa na mshipa mkuu uliovimba tumboni, akauzungushia karatasi ya selofani. Einstein aliishi hadi Aprili 1955. Wakati huo Nissen alikuwa profesa Basel, Uswisi, na mwaka huohuo alimpokea mwanamke mwenye umio uliovimba na kiungulia cha miaka. Picha za eksirei hazikuonyesha ngiri. Upasuaji wa Allison usingekuwa na cha kukaza. Nissen akamkumbuka kijana wa Istanbul, akalikunja tumbo kuuzunguka umio, akashona. Kiungulia kikaisha. Mwaka 1956 aliripoti wagonjwa wawili, katika makala fupi.

Mwanamke yule alikuwa ameonyesha kwamba ngiri pekee haitoshi kueleza ugonjwa. Nadharia ya Allison ilikuwa imepata nyufa, na aliyezipanua ni Allison mwenyewe. Mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya kufa, alichapisha matokeo ya wagonjwa aliowafuatilia kwa miaka 20. Karibu nusu yao walikuwa wamerudiwa na tatizo. Hakuficha, hakulaumu wanafunzi wake wala wagonjwa. Daktari aliyekuwa na sifa zote duniani katika fani yake alikaa na mafaili ya miongo miwili na kuhesabu walioshindikana. Katika historia hii nzima, hicho ndicho kitendo kinachostahili heshima kuliko vyote.

Upasuaji wa Nissen nao haukukosa kasoro. Mkunjo wa mwanzo ulikuwa mrefu na umebana, kwa hiyo wagonjwa wengine hawakuweza kupiga mbweu wala kutapika, tumbo likijaa gesi, na wengine chakula kiliwakwama. Wapasuaji waliofuata waliufupisha na kuulegeza. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Liège, Ubelgiji, aliripoti kuufanya kwa matundu madogo, na upasuaji ambao watu waliukimbia kwa sababu ya kovu na maumivu ukawa wa siku chache hospitalini.

Swali lililobaki, la nani apasuliwe, lilihitaji kipimo. Mwaka 1974 Johnson na DeMeester walieleza namna ya kuacha kipima tindikali ndani ya umio kwa saa 24, mgonjwa akila, akilala, akifanya yake. Ilionekana kwamba hata mtu mzima wa afya tindikali humpanda, hasa baada ya kula. Tofauti ni wingi na muda. Kisha mwaka 1982 kundi la Wylie Dodds na John Dent lilieleza kwa nini hupanda. Mlango wa Code, kumbe, hufunguka wenyewe mara nyingi kwa siku bila mtu kumeza chochote, kwa sekunde kadhaa, ili kutoa gesi tumbo linapotanuka. Ndivyo mtu anavyoweza kupiga mbweu. Kwa wengi wenye kiungulia, mlango haukuwa mbovu wala kulegea muda wote. Ulifunguka katika nyakati hizo, na kilichotoka hakikuwa gesi peke yake.

Dawa zilikuja kwa njia nyingine. James Black, Mskoti aliyekuwa akifanya utafiti katika kiwanda cha dawa huko Welwyn Garden City, Uingereza, alitafuta namna ya kuziba mlango ambao histamini hutumia kuziamuru seli za tumbo zitoe tindikali. Simetidini iliingia madukani Uingereza Novemba 1976 kwa jina la Tagamet, na vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikipasuliwa vikaanza kupona kwa vidonge. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Umio, hata hivyo, haukutii kwa kiasi hicho. Histamini ni sauti moja tu kati ya kadhaa zinazoiamuru seli, na baada ya mlo zile nyingine huendelea kuita. Tena, dawa za kundi hilo mwili huzizoea ndani ya wiki chache. Wagonjwa wenye vidonda vikubwa vya umio walimeza simetidini kwa miezi na bado kamera ikakuta nyama mbichi.

Jibu lilikuwa kuacha kushughulika na sauti na kuishika mashine yenyewe. George Sachs, akifanya kazi Alabama, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba mwishoni mwa njia zote kuna pampu moja inayosukuma tindikali nje ya seli. Huko Sweden, wanakemia wa kampuni ya Hässle, tawi la Astra, walikuwa tayari na viambata vinavyopunguza tindikali bila wao kujua vinafanyaje. Mambo hayo mawili yalipokutana, ikazaliwa omeprazoli, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1979. Mwaka 1984 majaribio yote yalisimamishwa: panya waliopewa dozi kubwa mno maisha yao yote walikuwa wameota uvimbe tumboni. Ilichukua muda kubaini kwamba uvimbe ule ulitokana na homoni ya gastrini, inayopanda tumbo likikosa tindikali kabisa, si sumu ya dawa yenyewe. Kazi ikaendelea na dawa ikatoka mwaka 1988 kwa jina la Losec. Marekani walilazimika kuiita Prilosec kwa sababu wafamasia walikuwa wakiichanganya na Lasix, dawa ya kukojoza.

Kwa mara ya kwanza umio uliochubuka ulipona kwa vidonge, kwa wagonjwa wengi, ndani ya wiki nane. Mwaka 1994, katika mkutano wa dunia uliofanyika Los Angeles, madaktari walikubaliana namna moja ya kupima uharibifu, kuanzia daraja A, mchubuko usiozidi milimita 5, hadi D, unaozunguka robo tatu ya mrija au zaidi. Sasa daktari wa Tokyo na wa Nairobi waliweza kuzungumzia kitu kimoja. Kwa muda ilionekana kazi imekwisha.

Kumbe wapo waliokataa kupona, na safari hii hawangeweza kuambiwa kwamba dawa ni hafifu.

Kundi la kwanza lilikuwa la watoto. Mwaka 1995 Kelly na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walieleza watoto kumi waliotibiwa kwa miaka kama wenye kiungulia sugu. Vipande vya umio wao, chini ya hadubini, vilikuwa vimejaa eosinofili, chembe nyeupe za damu ambazo huonekana kwenye mzio. Badala ya kuwaongezea dawa za tindikali, waliwanyima vyakula vyote vya kawaida na kuwapa maziwa maalumu ya amino asidi peke yake, yasiyo na protini nzima ya kuuchokoza mwili. Wanane walipona dalili, wawili wakapata nafuu. Vyakula viliporudishwa kimoja kimoja, dalili zilirudi. Stephen Attwood alikuwa ameeleza hali kama hiyo kwa watu wazima mwaka 1993, na Alex Straumann huko Uswisi mwaka 1994. Kwa hiyo kulikuwa na uvimbe wa umio ambao mtu wa kawaida angeuita kiungulia, na tindikali haikuwa mshtakiwa mkuu. Fikiria mzazi aliyeshuhudia mtoto wake akipasuliwa kwa ajili ya ugonjwa ambao ungetulizwa kwa kuondoa maziwa ya ng'ombe mezani.

Kisha likaja pigo kwa wazo la Winkelstein lenyewe. Kwa zaidi ya miaka 70 kila kitabu kilifundisha kwamba tindikali huchoma umio kutoka juu: inaua seli za juu, inapenya, ndipo uvimbe unapofuata. Mwaka 2009 Rhonda Souza, Stuart Spechler na wenzao wa Dallas waliwapasua panya ili vya tumboni viwapande, wakawachunguza hatua kwa hatua. Siku ya tatu chembe nyeupe za aina ya limfosaiti zilikuwa zimeshajikusanya chini kabisa, ndani ya ukuta, huku utando wa juu ukiwa mzima. Michubuko ilionekana wiki ya nne. Moto ulikuwa umeanzia ndani.

Panya si binadamu. Kwa hiyo mwaka 2016 kundi la Dallas likaripoti wagonjwa 12 waliowahi kuwa na vidonda vikali vilivyopona kwa dawa, ambao walikubali kuziacha kwa wiki mbili huku wakichunguzwa. Vidonda vilirudi kwa wote. Na penye utando ambao haujachubuka, picha ilikuwa ile ya panya: limfosaiti ndani, seli za chini zikiongezeka kwa haraka, juu pametulia. Tindikali na nyongo, inaonekana, huzichokoza seli za umio zitoe ishara za kemikali, na askari wa mwili wanaoitikia ndio wanaoharibu. Watu 12 ni wachache, na mjadala haujafungwa. Lakini mtazamo huo unaeleza kwa nini kuipunguza tindikali hakumtoshi kila mtu.

Spechler huyohuyo aliongoza utafiti ambao kila daktari anayeandika omeprazoli angefaa kuusoma mara mbili. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Katika kliniki za wanajeshi wastaafu wa Marekani walikusanywa watu 366 waliokuwa wakitumia dawa hizo na bado kiungulia hakijaisha. Mpango ulikuwa kuwalinganisha waliopasuliwa na waliopewa dawa. Kwanza, wote wakapewa omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku, kwa maelekezo ya wazi: nusu saa kabla ya mlo, kwa sababu dawa hii hukamata pampu zinapoamka kukipokea chakula, na anayeimeza wakati wa kulala huipoteza kwa sehemu kubwa. Kwa wiki mbili tu za kumeza ipasavyo, 42 walipona kiasi cha kutohitaji utafiti. Wengine 23 walikutwa na magonjwa mengine ya umio. Wapo 70 walioshindwa kumaliza vipimo, na 54 walioondolewa kwa sababu mbalimbali. Na 99, zaidi ya robo ya wote, walikuwa na umio mzima, tindikali ya kawaida, mlango unaofanya kazi, na bado walichomwa. Ndio ndugu wa wale waliolalamika kwa Bernstein na Baker mwaka 1958. Mishipa yao ya fahamu huhisi moto pale ambapo wengine hawahisi kitu. Maumivu yao ni ya kweli, na kuwaongezea vidonge vya tindikali hakuyagusi.

Walibaki 78 ambao kiungulia chao kweli kilitokana na vya tumboni kupanda. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Wa kwanza walifanyiwa upasuaji wa Nissen kwa matundu madogo. Wa pili waliendelea na omeprazoli, wakaongezewa baklofeni, inayopunguza kufunguka kwa mlango kulikogunduliwa mwaka 1982, na baadhi desipramini, inayotuliza mishipa ya fahamu. Wa tatu walipewa omeprazoli na vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa walifanikiwa 18 kati ya 27. Waliopewa dawa za ziada, 7 kati ya 25. Waliobaki, 3 kati ya 26.

Japani ilikuwa tayari na kidonge kingine. Vonoprazani, iliyoidhinishwa huko Desemba 2014, huishika pampu bila kusubiri iamke na mlo. Katika jaribio kubwa la Marekani na Ulaya lililohusisha watu zaidi ya 1,000 wenye umio uliochubuka, kufikia wiki ya nane ilikuwa imewaponya takriban 93 katika kila 100, na dawa ya zamani, lansoprazoli, 85. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wa daraja C na D. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa huu Novemba 2023. Kwa wale saba waliobaki katika kila mia, madaktari wanarudi kukata vipande vidogo vya utando na kuvitazama chini ya hadubini.